Kalsiamu ya chupa kila siku, maganda ya mayai bado membamba

mfugaji_mpole

Wakuu, salaam. Wenye uzoefu na kuku wa mayai naombeni mnisaidie, hasa mnaochanganya chakula wenyewe.

Kuku wangu ni wa mayai ya kahawia, wako kwenye wiki ya 62. Kutaga wanataga, asilimia 78 hivi, hapo sina ugomvi nao. Ugomvi ni maganda. Kila trei haikosi mayai mawili matatu yenye nyufa, na asubuhi chini ya fito za kulalia naokota mayai yasiyo na ganda kabisa, utando mtupu. Mengine kwa macho ni mazima, lakini ukiyabonyeza kidogo kwa kidole gumba yanaingia ndani. Yapo pia yenye vichengachenga upande ule butu, ukiyapapasa yanakwaruza.

Nawapa kalsiamu ya maji, ile ya chupa, kila siku bila kuruka. Vitamini ya unga nawawekea kwenye maji pia. Chakula ni cha kutagia cha kununua, naongeza pumba kidogo kwa sababu kuku wa umri huu wananenepa, na chokaa ya mifugo ya unga laini. Joto limekuwa kali, mchana wanahema midomo wazi.

Sasa nauliza: niongeze dozi ya chupa mara mbili, au nibadilishe aina? Na kuna jirani ananiambia nisage maganda ya mayai niwarudishie, mwingine ananiambia nikithubutu tu watajifunza kula mayai. Nimsikilize nani?

kifaranga_mjanja

Mkuu ongeza DCP, weka nyingi tu. Ile ina kalsiamu na fosforasi kwa pamoja, maganda yatakuwa mawe. Na dozi ya chupa ipandishe, haina madhara.

Mzee Debe

Mpole, usipandishe chochote kwanza. Geuza hiyo chupa usome nyuma, kisha uniandikie hapa: kalsiamu ni kiasi gani ndani ya lita moja ya hiyo dawa, na unaweka mililita ngapi kwenye lita ya maji. Halafu umesema pumba "kidogo". Kidogo si kipimo. Nataka kilo. Na chokaa pia kilo.

Wewe kifaranga, nitakurudia. Hiyo DCP yako ina jambo lake.

Nikiwa nasubiri majibu, niseme jinsi ganda linavyotengenezwa, maana ukishalijua hilo nusu ya matangazo ya chupa utayapita bila kugeuka. Yai likitoka kwenye kokwa (ovari) linachukua kama saa 24 hadi 26 mpaka litagwe. Katika hizo, karibu saa 20 linakaa kwenye mfuko wa ganda, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inaangukia usiku, kuku akiwa amelala na hali kitu. Ganda zima lina uzito wa gramu 5 hadi 6, na karibu asilimia 95 yake ni kalsiamu kaboneti. Ukitoa kalsiamu peke yake ni kama gramu 2.2. Kuku mzima ana gramu 20 na kidogo za kalsiamu mwilini, nyingi zikiwa mifupani. Kwa hiyo kila akitaga ametoa sehemu ya kumi ya alichonacho. Hesabu hiyo ndiyo ya kuiweka kichwani: ganda linadai gramu, siyo miligramu.

Usiku anakipata wapi? Kwanza kwenye kilichobaki tumboni. Kikikosekana huko, anachimba kwenye mfupa wa akiba, ule laini unaojijenga ndani ya mifupa anapokaribia kuanza kutaga. Anayechimba mfupa kila usiku bila kurudishiwa, ndiye unayemkuta siku moja amelala ubavu hawezi kusimama, na watu wanaanza kutafuta ugonjwa.

mfugaji_mpole

Shikamoo Mzee. Nimesoma. Chupa imeandikwa kalsiamu gramu 18 kwa lita, na maelekezo ni mililita 2 kwa kila lita ya maji. Pumba, nachanganya kilo 25 kwa kilo 50 za chakula. Chokaa kilo moja kwenye mchanganyiko huo wote. Mfuko wa chakula umeandikwa kalsiamu asilimia 3.8.

Mzee Debe

Marahaba mwanangu. Sasa tupige hesabu.

Gramu 18 kwa lita ni miligramu 18 kwa mililita. Ukiweka mililita 2, lita ya maji ya kunywa ina miligramu 36. Kuku wako anakunywa robo lita, kwa joto hili labda zaidi kidogo. Amepata miligramu 9. Ganda moja linataka 2,200. Ukipandisha dozi mara mbili atapata 18, ukipandisha mara kumi atapata 90, na maji hayo hatayanywa. Hapo unatwanga maji kwenye kinu.

Sisemi chupa ni ya uongo. Iliyoandikwa ndani imo. Ila imeandikwa kwa namna ya kumfanya mtu aone neno "kalsiamu" na asiulize kiasi.

Tuje kwenye pumba, kwa sababu ndiko ganda lako lilikopotelea. Kilo 50 za chakula zenye asilimia 3.8 zina kalsiamu kilo 1.9. Pumba kilo 25 hazina kalsiamu ya kutajwa. Chokaa kilo moja ina kalsiamu kama asilimia 38, yaani kilo 0.38. Jumla kilo 2.28 ndani ya kilo 76, sawa na asilimia 3. Kwa joto hilo kuku wako hali zaidi ya gramu 100 kwa siku, basi anapata gramu 3. Kati ya hizo anafyonza kama nusu, gramu 1.5. Ganda linataka 2.2. Inayobaki ameitoa mfupani, na mfupa nao umeanza kukataa.

Kuku wa umri wake anahitaji gramu 4 na zaidi kila siku, karibu 4.5. Pumba toa yote. Ukiona wananenepa, wapimie chakula kwa mzani kwa idadi yao, usikizimue. Ukikizimua hukupunguza mafuta peke yake, umepunguza na protini, vitamini, madini na chumvi.

Halafu chokaa yako ya unga laini. Unga unayeyuka haraka na kupita. Ukimpa saa nne asubuhi, saa nne usiku haupo. Tafuta iliyovunjwavunjwa, punje za milimita 2 hadi 4, au makombe ya chaza yaliyopondwa kwa kiasi hicho. Punje kubwa inakamatwa kwenye firigisi na inayeyuka polepole usiku kucha, saa zile zile mfuko wa ganda unapoihitaji. Kuku wakubwa mimi nawawekea theluthi mbili ya chokaa yao iwe punje na theluthi moja iwe unga. Kwa kuwa chakula chako kimeshasagwa na kiwanda, wewe wamwagie punje juu ya chakula alasiri, saa tatu nne kabla ya giza, gramu 2 kwa kila kuku. Hiyo inaongeza kalsiamu gramu 0.76. Ukijumlisha na 3.8 ya chakula kisicho na pumba, uko 4.5. Utawaona wenyewe wanavyozichagua saa hizo. Kuku mwenye yai tumboni jioni anaitafuta kalsiamu kwa hamu ambayo asubuhi hana.

Angalia usiuziwe kokoto. Zile za kusagia chakula kwenye firigisi ni mawe magumu, hazina kalsiamu inayotoka. Chukua punje chache uzitupie kwenye siki. Za chokaa na za makombe zitatoa mapovu mara moja. Kokoto itakaa tu inakutazama. Kupovu haraka kupita kiasi ni unga, kupovu taratibu kwa muda mrefu ndiko unakokutaka. Na chokaa ya kupakia kuta au ya kujengea usiisogeze bandani kama chakula, ile imechomwa na inaunguza utumbo.

Sasa DCP. Kifaranga, fosforasi kuku anaihitaji, lakini kidogo: asilimia 0.35 hadi 0.45 ile anayoweza kuitumia. Ikizidi kwenye damu, inazuia kalsiamu isitolewe mfupani usiku, na ganda linakuwa jembamba zaidi. Chakula cha kutagia kimeshawekewa fosforasi yake. Ukimwaga DCP juu yake unaharibu kwa nia njema. Ukiwa unachanganya mwenyewe kuanzia nafaka, hapo DCP ina nafasi yake kwa kipimo.

tabibu_wa_mifugo

Mzee amemaliza upande wa kalsiamu, niongeze machache.

Ndugu mpole, tatizo lilianza taratibu au ghafla? Likija taratibu kadiri wiki zinavyosonga, ni umri na chakula. Yai la kuku wa wiki 62 ni kubwa kuliko la wiki 25, lakini uzito wa ganda haukuongezeka kwa kiwango hicho. Rangi ile ile inapakwa ukuta mpana zaidi. Sehemu hiyo hakuna kirutubisho kitakachoifuta, unaipunguza tu.

Likija ghafla ndani ya wiki moja, fikiria ugonjwa kabla ya chokaa. Mkamba wa kuambukiza unaacha mayai yenye makunyanzi na ute unaotiririka kama maji. Kideri kinashusha utagaji na kuharibu ganda. Upo na ugonjwa wa kushuka kwa utagaji unaojulikana kwa herufi EDS, ulioelezwa mara ya kwanza mwaka 1976: kahawia ya ganda inafifia kwanza, kisha yanakuja mayai laini na yasiyo na ganda, na kuku mwenyewe unamwona mzima. Hayo yote dawa yake ni chanjo kabla, siyo madini baada.

Jiulize pia kama umewapa dawa za salfa karibuni, zile za kuhara damu. Salfa inazuia kimeng'enya kinachotengeneza bikaboneti, malighafi ya ganda, kwenye mfuko wa ganda. Ukimaliza kuitumia ganda linarudi, na mayai ya siku hizo na ya kipindi cha kusubiri hayaliwi wala hayauzwi.

Kuhusu joto. Asilimia 40 tu ya kalsiamu kaboneti ni kalsiamu, iliyobaki ni kaboneti, na hiyo kuku anaitengeneza kutokana na hewa ya kaboni dayoksaidi iliyomo kwenye damu yake. Anapohema mdomo wazi anaitoa nje kwa wingi, damu inakosa bikaboneti, na ganda linakosa malighafi hata kalsiamu ikiwa tele. Kwa hiyo: chakula kingi alfajiri na jioni, maji ya baridi kivulini, hewa ipite bandani. Wanaochanganya wenyewe wanaweza kuweka sodiamu bikaboneti kilo 2 kwa tani ya chakula na kupunguza chumvi ya kawaida, ili sodiamu isizidi.

Vitamini yako ya unga, angalia kama imeandikwa D3 na siyo D2, kwani ndege hawaitumii D2 vizuri. Bila D3 utumbo haufyonzi kalsiamu hata umwage gunia. Kuku wanaotoka nje wanaitengeneza wenyewe kwa jua. Wa ndani wanategemea chakula. Ila pakiti iliyokaa wazi kwenye joto miezi mingi imeshapoteza nguvu. Usifidie kwa kuzidisha, D3 ikizidi sana inaleta kalsiamu kwenye figo.

Zinki, manganizi na shaba zinafaa kutajwa kwa sababu hazionekani. Manganizi inasaidia kujenga vitako ambavyo punje za kwanza za ganda zinakaa juu yake, shaba inaimarisha utando wa ndani, zinki iko kwenye kile kimeng'enya nilichokitaja. Kuku mwenye chakula kamili anazo. Kuku wa chakula kilichozimuliwa pumba kwa theluthi, sina hakika naye.

maji_ya_kisima

Jamani na maji yenyewe. Mimi kisima changu kina chumvi, sisi tumeshazoea hatuisikii. Nilihangaika na chokaa ya kila namna, punje, unga, makombe, ganda halitulii. Nilipoanza kuwapa maji ya mvua niliyokinga ndipo nyufa zilipopungua. Kuna utafiti mwingi juu ya hilo: chumvi kwenye maji ya kunywa inaharibu ganda, na ukiongeza kalsiamu haisaidii kwa sababu kinachoguswa ni ule upande wa bikaboneti aliousema daktari. Mpole, pima maji yako kabla hujalaumu chakula.

Jingine dogo, dada yenu nasema kwa uchungu: kusanya mayai mara tatu au nne kwa siku, na uweke maranda ya kutosha kwenye viota. Ukikusanya mara chache, mayai yanakanyagwa na kugongana. Ufa wa kugongana si ufa wa ganda jembamba.

mfugaji_mpole

Asanteni sana. Lilianza taratibu, dawa ya salfa sijatoa. Maji ni ya bomba. Kweli nakusanya mara mbili tu. Pumba nimeshaitoa leo. Mzee, nitajuaje kama inafanya kazi bila kuvunja mayai? Na lile swali la maganda bado halijajibiwa.

Mzee Debe

Maganda ya mayai ni kalsiamu kaboneti ile ile, hayana sumu. Yaoshe, yakaange au yaoke mpaka yakauke kabisa, ili kama yana vijidudu wafe, kisha yaponde yapoteze umbo la yai. Kula mayai kuku hajifunzi kwa unga wa ganda, anajifunza kwa yai lililopasuka kiotani akaonja kiini. Kwa hiyo anayekutisha na maganda anakutisha na kitu kisicho chenyewe. Mayai yako yenye nyufa ndiyo ya kuyaogopa. Lakini usitegemee hayo peke yake. Ganda lina gramu 2.2, kuku anafyonza nusu. Hata ukimrudishia kila ganda alilotaga, bado ana deni la nusu. Na mengi unayauza yakiwa na yai ndani, si ndiyo?

Kupima: tia gramu 125 za chumvi kwenye kila lita ya maji, koroga mpaka iyeyuke yote, acha ipoe iwe na joto sawa na mayai. Maji hayo yanakuwa na uzito wa 1.080 ukilinganisha na maji matupu. Chukua mayai 30 ya siku hiyo hiyo, yasiyo na ufa, yatumbukize. Yenye ganda nene yanazama, yenye ganda jembamba yanaelea. Andika mangapi yameelea. Rudia kila wiki kwa mayai ya siku hiyo, usitumie ya juzi, kwani yai likikaa linaingiza hewa na litaelea hata kama ganda lake ni zuri. Mayai ya kuku wa umri huo hayatazama yote, usitafute hilo. Tazama kama yanayoelea yanapungua.

Ukitaka uhakika zaidi, vunja machache, osha maganda, kausha, pima. Ganda kavu linatakiwa liwe kama asilimia 9 hadi 10 ya uzito wa yai. Chini ya 8 bado una kazi.

Mayai yasiyo na ganda yatapungua mapema, ndani ya siku chache za punje za jioni. Nyufa zitachukua wiki mbili tatu kwa sababu kuku anaanza kwa kulipa mfupa. Vichengachenga vya upande butu usivihangaikie, ni kalsiamu iliyoganda vibaya mwishoni, kuku wakubwa wanavyo, na kushtuliwa usiku kunaongeza. Funga mbwa.

Chupa iliyobaki usiitupe. Itumie siku ukiwachanja au ukiwahamisha, wakigoma kula siku moja mbili, kwa ajili ya vile vitu vingine vilivyomo. Ila safisha vinyweo kila siku. Hayo maji ya vitamini yanaotesha utelezi, na kuku akichukia maji anaacha na kula.

kifaranga_mjanja

Nimeelimika Mzee, DCP nimeiweka kando. Mimi nina matembe, wiki 14. Niwaanzishie kabisa chakula cha kutagia na punje mapema ili wajenge akiba?

Mzee Debe

Hapana, na hili nalisema kwa sauti. Tembe asiye na yai hana pa kuipeleka kalsiamu ya asilimia 4. Inapita kwenye figo, figo zinaharibika kimyakimya, na unaanza kuokota waliokufa wakiwa katikati ya utagaji mzuri, wakipasuliwa wana mawe na chaki ndani. Wiki 14 waache kwenye chakula cha kukuzia chenye asilimia 1. Vilemba vikianza kuwa vyekundu na wakaanza kujikunyata ukiwagusa mgongoni, kuanzia wiki ya 16 hivi, wape chakula cha kuelekea kutaga chenye asilimia 2 hadi 2.5 kwa wiki mbili. Hapo ndipo mfupa wa akiba unajengwa. Mayai ya kwanza yakionekana, hamia cha kutagia. Punje weka kwenye chombo chake pembeni, atakayezitaka atazifuata mwenyewe, na aliye nyuma hatalazimishwa.